Siri ya mgonjwa ina gharama, Serikali isaidie

Hapa Migwani, kaunti ya Kitui, kila mtu anamjua mwenzake. Mgonjwa wa kifua kikuu au mwenye virusi vya Ukimwi akiona jina lake likiingizwa kwenye kompyuta, hutaka kujua ni nani mwingine atakayeliona. Asiporidhishwa na jibu, huenda asirudi kuchukua dawa. Siri ikivuja ni kama maji yaliyomwagika, hayazoleki.

Kwa sababu hiyo naiunga mkono Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Wapo wanaodai kwamba inawabana vijana wanaobuni programu za afya. La hasha! Mgonjwa asipoziamini, programu hizo zitakosa wa kuzitumia. Hatari tuliiona Agosti 2023, Serikali iliposimamisha shughuli za Worldcoin, iliyokuwa ikipiga picha mboni za macho ya wananchi na kuwapa sarafu za dijitali.

Hata hivyo, msomaji, mzigo haukugawanywa sawa. Kanuni za 2021 zimeisamehe kujisajili kwa Kamishna wa Data biashara yenye mapato yasiyofika Sh5 milioni kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10. Lakini msamaha huo hauwahusu wanaotibu watu. Basi zahanati ya muuguzi mmoja sokoni yapaswa kujisajili kama hospitali kubwa ya Nairobi. Ada si kubwa, Sh4,000 kwa biashara ndogo, na cheti hudumu miaka miwili. Kinacholemea ni kazi yenyewe: kulinda rekodi, kuwafundisha wafanyakazi, na kumjulisha Kamishna katika muda wa saa 72 data ikivuja. Wengine wataona heri wabaki na daftari, ambalo mpita njia yeyote aweza kulichungulia.

Hapa ndipo ruzuku inapohitajika. Makampuni ya simu hutozwa asilimia 0.5 ya mapato yao kwa Mfuko wa Huduma kwa Wote, ili mawasiliano yafike mashambani. Mathalan, sehemu ya fedha hizo iunganishe zahanati ndogo na mtandao. Kaunti nayo iajiri mtaalamu wa kuzizungukia na kuzielekeza, na vijana wenye programu nzuri wasaidiwe kuzifikisha kwenye kiwango cha sheria.

Sheria isilegezwe hata kidogo. Lakini daktari hamwandikii mgonjwa dawa asiyoweza kuinunua, kisha akamlaumu kwa kutopona.