Vimeng'enya Vinavyoamuru: Somo Lililomo Zizini

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa kazi ya vimeng'enya, aghalabu hujibu kwamba humeng'enya chakula. Jibu hilo ni sahihi, lakini halijakamilika. Viko vimeng'enya visivyogusa chakula kamwe. Kazi yake ni kupitisha amri ndani ya seli. Miongoni mwavyo ni kinasi, ambazo hubandika fosfeti juu ya protini nyingine na kuibadili utendaji wake. Kwa amri hizo seli nyeupe za damu, askari wa mwili, hupevuka, huongezeka adui aingiapo, na hutulia vita viishapo.

Amri ikikosekana, askari hawapatikani. Mwaka 1952 daktari Mmarekani Ogden Bruton alieleza habari za mtoto wa kiume aliyekosa kingamwili katika damu yake. Mwaka 1993 ilibainika kwamba wagonjwa wa namna hiyo wana kasoro katika kinasi moja tu, na kwa hiyo seli zao za B hazipevuki.

Je, amri ikizidi? Singida ni mkoa wa wafugaji, na mfano wake umo katika ng'ombe. Ndigana kali husababishwa na kijidudu Theileria parva, kinachoenezwa na kupe. Kijidudu hicho huingia katika seli nyeupe na kuteka mfumo wake wa amri. Mwaka 1993 Onesmo ole-MoiYoi na wenzake, katika maabara ya ILRAD mjini Nairobi, walionyesha kwamba katika seli zilizotekwa kinasi iitwayo kaseini kinasi II huongezeka kupita kiasi. Seli hugawanyika bila kukoma, na kijidudu hugawanyika pamoja nazo. Ndipo tezi zinapovimba.

Baadhi ya wafugaji wa Afrika Mashariki huchoma tezi hizo kwa chuma cha moto. Macho yao hayakukosea, kwani uvimbe huo ni dalili ya mapema. Lakini seli zilizotekwa husambaa mwilini, nao moto wa chuma hauzifikii. Dawa ya buparvakwoni, ikitolewa mapema, huua kijidudu, na seli huacha kugawanyika ovyo. Askari hakuasi, aliamriwa na mvamizi.

Wako watakaosema kwamba habari hizi ni za chuo kikuu. Sikubaliani nao. Kijana achungaye mifugo ya nyumbani hasubiri shahada ndipo akutane na ng'ombe mwenye tezi zilizovimba. Siku hiyo ataamua: kumwita afisa mifugo upesi, au kutia chuma motoni. Kwa hiyo, walimu, hata kama darasa linafundishwa kwa Kiingereza, hapana budi mfano uanzie zizini. Mwanafunzi aliyekariri majina ya vimeng'enya atafaulu mtihani. Aliyeelewa vinavyoamuru ataweza pia kuokoa ng'ombe wa wazazi wake.