Mahindi ya Mgonjwa Yasiishie Jaani

Katikati ya mwaka 2016, wagonjwa walianza kufika katika vituo vya afya vya mikoa ya Dodoma na Manyara wakitapika, macho yao manjano na matumbo yamevimba. Walihesabiwa 68, 20 wakafariki. Chanzo kilikuwa mahindi yenye sumukuvu, sumu ambayo moto wa kupikia ugali hauimalizi.

Tangu hapo yamesemwa mengi kuhusu turubai na maghala, na ni sawa. Kinachosahaulika ni kuvu mwenyewe. Jenomu ya Aspergillus flavus imekwisha kusomwa: ina herufi za vinasaba zipatazo milioni 37 katika kromosomu nane, na jeni zinazotengeneza sumu zimekaa pamoja karibu na ncha ya kromosomu ya tatu. Wako kuvu wa jamii hiyohiyo ambao jeni hizo zimepotea au kuharibika, nao hawatoi sumu. Huo ndio msingi wa Aflasafe TZ01, iliyosajiliwa nchini mwaka 2018: kuvu wenyeji wasio na sumu humwagwa shambani ili wawahi nafasi ya wenzao wenye sumu.

Kenya ilijifunza kwa gharama kubwa. Mlipuko wa mwaka 2004, uliozikumba zaidi Makueni na Kitui, uliwaua watu 125 kati ya wagonjwa 317. Kuvu aliyetawala katika mahindi ya huko alifanana kwa umbo na aina iliyojulikana Marekani. Vinasaba vikaonyesha kuwa ni wa ukoo mwingine kabisa. Darubini pekee isingelibaini hilo.

Lakini hakuna mashine inayoweza kusoma vinasaba vya mahindi yaliyokwisha kutupwa au kupewa kuku. Tabibu wa zahanati ya Chemba au Kiteto anapomwona mgonjwa mwenye manjano, huwaza kwanza malaria na homa ya ini, na ana haki. Aulize pia kuhusu mahindi, karanga na dawa za mitishamba, kwa kuwa magome, mizizi na majani yaliyohifadhiwa na unyevu huweza kuota kuvu yuleyule. Swali hilo si tuhuma kwa mganga wa tiba asili.

Familia iache kula chakula hicho mara moja, ila sampuli ibaki. Sumu haisambai sawasawa ndani ya gunia, hivyo konzi moja ya juu haitoshi; ichotwe juu, katikati na chini, iwekwe katika mfuko mkavu wa karatasi, si wa plastiki unaotunza unyevu, na juu yake paandikwe kijiji na tarehe.