Mandhari Meusi Si Mbadala wa Miwani

Siku hizi, katika kliniki ya macho, haipiti wiki bila swali hili: "Daktari, nikigeuza skrini iwe nyeusi, macho yangu yatapona?" Huulizwa na wanafunzi, makarani na hata watumishi wenzetu wa afya wanaokesha wakiingiza taarifa za wagonjwa kwenye kompyuta. Jibu langu ni kwamba mandhari meusi yana manufaa, lakini si tiba. Na anayeyafanya tiba huweza kuichelewesha tiba ya kweli.

Tuanze na manufaa. Tovuti nyeupe ikifunguliwa katika chumba chenye giza, jicho hukabili mwanga mkali uliozungukwa na weusi, na tofauti hiyo hukera. Hapo mandhari meusi huleta nafuu. Ndivyo ilivyo pia kwa mgonjwa wa mtoto wa jicho, ambaye mwanga hutawanyika ndani ya lenzi yake iliyopata ukungu, na kwa mwenye kipandauso asiyestahimili mwanga.

Hata hivyo, nafuu ya mmoja huweza kuwa taabu ya mwingine. Mbele ya skrini nyeusi mboni hutanuka, na mboni iliyotanuka huzidhihirisha zaidi kasoro za jicho. Mwenye astigmatizimu, yaani ambaye mara nyingi konea yake haina mviringo ulio sawa pande zote, huweza kuona herufi nyeupe zikitapakaa kama taa za magari usiku wa mvua. Mchana, penye mwanga wa kutosha, wengi wetu husoma kwa wepesi zaidi maandishi meusi juu ya weupe.

Isitoshe, rangi si chanzo pekee cha uchovu. Kwa kawaida mtu hupepesa macho takriban mara 15 kwa dakika. Akiikodolea skrini, idadi hiyo hushuka sana, machozi hukauka na macho huwasha. Weusi wa skrini haurudishi machozi.

Namkumbuka muuguzi mmoja wa miaka 44. Kwa miezi kadhaa aliridhika na simu yake iliyogeuzwa kuwa nyeusi, herufi zikiwa zimekuzwa. Kilichomleta kwangu ni kichupa cha dawa: usiku mmoja akiwa zamu, alishindwa kutambua kama lebo ilisema 0.5 au 5, akalazimika kumwita mwenzake. Alichohitaji ni miwani ya kusomea tu. Simu ilikuwa imemfichia hitaji hilo. Lebo ya dawa haina kitufe cha kubadili rangi.

Kwa hiyo, msomaji, chagua rangi inayokupumzisha, lakini usiishie hapo. Linganisha mwangaza wa skrini na wa chumba. Iweke umbali wa mkono ulionyooshwa. Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20, huku ukipepesa macho. Ukitimiza miaka 40, kapimwe macho, ikiwemo presha ya macho, ambayo mara nyingi huiba uoni pasipo maumivu.

Nanyi watumishi wenzangu, mgonjwa akilalamika kwamba skrini inamchosha, mpimeni kwanza uoni wa mbali na wa karibu. Mipangilio ya simu na ifuate baadaye.