Mhadhiri Hapimwi kwa Kura

Katika wiki za mwisho za muhula, wanafunzi wa vyuo vikuu katika sehemu nyingi za dunia hujaza fomu ya tathmini ya mhadhiri. Maswali hayatofautiani sana kutoka chuo hadi chuo: je, mhadhiri anaimudu mada yake, alieleza kwa uwazi, aliwahi kipindi, alirudisha majaribio kwa wakati, na kwa ujumla anastahili ngapi kati ya 1 na 5. Majibu hujumlishwa na kutafutiwa wastani. Mhadhiri mmoja wa kozi ya utangulizi wa uchumi anatoka na 3.7, mwenzake wa mkondo wa pili anatoka na 4.3, na kuanzia hapo namba hizo huanza maisha yao wenyewe. Huingia kwenye majalada ya kupandisha vyeo, huamua nani aongezewe mkataba, na huzungumzwa vikaoni kana kwamba ni vipimo vya damu.

Chimbuko la fomu hizi ni Marekani. Herman Remmers, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Purdue, alitoa kipimo chake cha kuwatathmini wahadhiri mwaka 1927, na leo vyuo vya Afrika Mashariki navyo vinatumia fomu kama hizo katika kudhibiti ubora. Imani inayozibeba ni moja: mwanafunzi ndiye aliyekaa darasani muhula mzima, kwa hiyo ndiye anayejua nani anafundisha vizuri. Imani hiyo ina sura ya haki, ndiyo maana kuing'oa ni kazi. Lakini si ya kweli, na baadhi ya ushahidi mzito zaidi dhidi yake umetoka katika madarasa ya uchumi yenyewe.

Ugumu wa kumpima mhadhiri unajulikana. Wanafunzi huchagua kozi na mikondo, na wenye bidii wakijazana kwa mtu mmoja, matokeo mazuri ya darasa hilo hayasemi lolote juu ya ufundishaji wake. Chuo Kikuu cha Bocconi mjini Milano kiliondoa kikwazo hicho. Wanafunzi wake wa uchumi, wa uongozi wa biashara, na wa sheria na uongozi, walioanza mwaka wa masomo 1998/1999 waligawanywa kwenye madarasa ya kozi za lazima kwa bahati nasibu. Mtaala ulikuwa mmoja na mtihani ulikuwa mmoja, ila wahadhiri walikuwa tofauti. Watafiti Michela Braga, Marco Paccagnella na Michele Pellizzari walichukua kumbukumbu za wanafunzi hao na kuuliza swali ambalo fomu ya tathmini haiwezi kuliuliza: wanafunzi waliopita kwa mhadhiri huyu walifanyaje baadaye, katika kozi zilizofuata, walipokuwa mikononi mwa watu wengine?

Nguvu ya utafiti huo iko katika neno baadaye. Mtihani wa kozi yenyewe unaweza kufundishiwa. Mhadhiri akirudia mara tatu aina ya maswali yatakayokuja, darasa lake litafaulu hata kama halikuelewa. Kozi ya mwaka unaofuata haina huruma hiyo, kwa sababu inamtaka mwanafunzi atumie alichojifunza kufungua kitu kigeni.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalikwenda kinyume kabisa na imani ya kawaida. Wahadhiri ambao wanafunzi wao walifanya vizuri zaidi katika kozi za mbele ndio waliopewa alama za chini kwenye fomu. Waliopendwa zaidi ndio walioacha msingi dhaifu zaidi. Watafiti waligundua pia kwamba siku za mvua na baridi wahadhiri walipewa alama mbaya kuliko siku za hali nzuri ya hewa. Na kuna jambo moja ambalo watetezi wa fomu hawapaswi kulipita haraka: katika madarasa yenye wanafunzi wengi wenye uwezo mkubwa, maoni yalikaribia ukweli zaidi. Maana yake ni kwamba waliohitaji zaidi mwalimu hodari ndio waliokuwa na nafasi ndogo zaidi ya kumtambua wakiwa bado darasani kwake.

Marekani ilikuwa imeshaonyesha jambo la namna hiyo. Watafiti Scott Carrell na James West walifuatilia zaidi ya wanafunzi 10,000 wa Chuo cha Jeshi la Anga kati ya mwaka 2000 na 2007, ambao nao hupangiwa wahadhiri bila kuchagua. Waliofundishwa hesabu na wahadhiri wenye uzoefu mdogo walipata alama nzuri kwenye kozi ya kwanza na wakawasifu wahadhiri hao. Waliofundishwa na wazoefu walianza kwa alama za chini, kisha wakawapita wenzao katika kozi za juu. Utafiti huo ulitoka mwaka 2010.

Sababu ya mambo kuwa hivyo inaonekana vizuri katika mada moja ya mwaka wa kwanza, unyumbufu wa mahitaji, yaani kiasi ambacho mahitaji hubadilika bei inapobadilika. Mhadhiri wa namna ya kwanza anaandika kanuni ubaoni na kutoa mfano: bei ya sukari imepanda kutoka shilingi 2,500 hadi 3,000, sawa na asilimia 20, na mauzo ya duka yameshuka kutoka kilo 100 hadi 92, sawa na asilimia 8. Gawanya 8 kwa 20, unapata 0.4. Mahitaji si nyumbufu. Darasa linanakili, linafanya mfano wa pili, linapata jibu, na kila mtu anatoka akiwa na daftari safi. Mhadhiri wa namna ya pili hatoi kanuni kwanza. Anauliza kama mwenye duka akipandisha bei mapato yake yataongezeka au yatapungua, anawaacha wanafunzi wabishane, kisha anachora mstari mnyoofu wa mahitaji na kuwataka wapige hesabu karibu na juu, katikati, na karibu na chini. Kila mahali namba inabadilika, ingawa mstari ni uleule. Swali la sukari ina unyumbufu gani linageuka kuwa halina jibu mpaka kwanza isemwe ni kwa bei ipi. Wanafunzi wanatoka na kurasa zilizofutwafutwa na hisia kwamba mtu huyu anachanganya.

Hisia hiyo ndiyo inayoingia kwenye fomu. Mwaka unaofuata, kwenye ekonometria, unyumbufu unapotakiwa kukadiriwa kutokana na takwimu za soko zenye kelele nyingi, kanuni iliyokaririwa haitoshi, na aliyebishana ana mahali pa kuanzia. Wakati huo fomu imeshafungwa.

Kujifunza kwa kina huchosha, na uchovu huo mwanafunzi huusoma kama dalili ya kutofundishwa. Jaribio la Louis Deslauriers na wenzake katika madarasa ya fizikia ya Harvard, lililochapishwa mwaka 2019, lililipima jambo hilo moja kwa moja. Waliopewa matatizo ya kutatua wenyewe walishinda kwenye mtihani wale waliosikiliza mhadhara laini uliopangika, lakini walipoulizwa walidhani wamejifunza kidogo kuliko hao. Na ulaini pekee unaweza kufika mbali sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California walimwajiri mwigizaji, wakampa jina la Dk. Myron L. Fox, na kumtaka atoe mhadhara kuhusu nadharia ya michezo katika elimu ya madaktari. Nadharia ya michezo ni tawi la hesabu ambalo wanauchumi wanalijua vizuri. Mhadhara ulijaa maneno yasiyo na maana, hoja zinazojipinga na mizaha. Wasikilizaji walikuwa madaktari wa akili, wanasaikolojia na walimu, watu wazima wenye shahada. Wengi wao walimpa tathmini nzuri.

Fomu haikosei kwa wote sawasawa, na hapo kosa linageuka dhuluma. Katika kitivo cha biashara na uchumi cha Chuo Kikuu cha Maastricht nchini Uholanzi, ambako wanafunzi hupangiwa wakufunzi kwa bahati nasibu, Friederike Mengel, Jan Sauermann na Ulf Zölitz walichambua tathmini karibu 20,000. Wanawake walipewa alama za chini kuliko wanaume, hasa na wanafunzi wa kiume, na walioumia zaidi walikuwa wanawake wanaoanza kazi. Matokeo ya mitihani hayakuonyesha kwamba wanafunzi wao walijifunza kidogo. Hata vitabu na vifaa vya kozi, ambavyo vilikuwa vilevile kwa makundi yote, vilipewa alama mbaya pale mkufunzi alipokuwa mwanamke. Nchini Ujerumani, makundi ya wanafunzi wa udaktari yaliyowekewa biskuti za chokoleti yalitoa tathmini ya juu kuliko yasiyowekewa, na pia yaliona vifaa vya kozi kuwa bora zaidi. Kipimo kinachobadilika kwa biskuti, kwa mvua na kwa jinsia hakifai kuamua riziki ya mtu.

Watetezi wa fomu wana jibu. Mwaka 1981 mtafiti Peter Cohen alikusanya tafiti za awali na kuonyesha kwamba wahadhiri wenye alama za juu ndio ambao wanafunzi wao hufaulu zaidi. Kwa zaidi ya miaka thelathini ukusanyaji huo ulinukuliwa kama hukumu ya mwisho. Mwaka 2017 Bob Uttl na wenzake walizirudia tafiti hizo pamoja na nyingine zilizofuata, wakakuta kwamba uhusiano mkubwa ulitoka katika tafiti ndogo, zenye madarasa machache mno. Katika zile kubwa uhusiano uliyeyuka hadi karibu na sifuri. Tena, nyingi kati ya tafiti hizo za zamani zilipima ufaulu wa mtihani wa kozi ileile, yaani kipimo kilekile ambacho Bocconi na Jeshi la Anga vilionyesha kwamba hudanganya.

Katika vyuo vya Tanzania, sifa ya mhadhiri wa uchumi huanza kujengwa mabwenini kabla hajaingia darasani. Fulani anashusha nondo, fulani anabana maksi, kwa fulani jiandae kusapu, yaani kurudia mtihani. Wakubwa huwapa wadogo madesa, yaani maandishi ya kozi, na mitihani ya nyuma pamoja na maoni yao, na mwezi wa tatu wa muhula fomu inakuta hukumu imeshatolewa. Mwanafunzi hana kosa. Kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, ni jambo zito kwa aliyetumwa chuoni na familia nzima, na kurudia mwaka kunaweza kumgharimu mkopo. Ni halali yake kumwogopa anayetoa maswali magumu. Wenye lawama ni wakubwa wa chuo wanaoichukua hofu hiyo, kuipa desimali moja na kuiita ubora. Mhadhiri wa mkataba wa mwaka mmoja anaielewa hesabu hiyo haraka sana. Anapunguza mada ngumu, anatoa madesa yanayofanana na mtihani, anadokeza maswali kwenye kipindi cha mwisho. Alama yake inapanda, na wahitimu wanatoka na shahada ya uchumi bila kuweza kusoma jedwali la bajeti ya nchi yao. Wanaoibiwa hapo ni wanafunzi wenyewe.

Hayo yote hayamaanishi kwamba mwanafunzi anyamazishwe. Kuna mambo anayajua kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu aliyaona: mhadhiri alikosa vipindi vingapi, sauti ilifika nyuma ya ukumbi au haikufika, majaribio yalirudishwa au hayakurudishwa, kuna aliyedhalilishwa au kuombwa rushwa. Huo ni ushahidi, na unapaswa kuaminiwa na kuchukuliwa hatua. Kilicho nje ya uwezo wake akiwa bado darasani ni kupima kiasi alichojifunza.

Maoni ya wanafunzi wa uchumi yamekuwa na nguvu kubwa pia pale yalipoandikwa kwa hoja badala ya namba. Mwezi Juni 2000 wanafunzi wa uchumi nchini Ufaransa waliandika barua ya wazi wakipinga hesabu zilizotengwa na maisha halisi na kutaka mitazamo zaidi ya mmoja. Waziri wa elimu wa wakati huo, Jack Lang, alimpa mwanauchumi Jean-Paul Fitoussi kazi ya kuchunguza ufundishaji wa uchumi nchini humo. Tarehe 2 Novemba 2011, wanafunzi wapatao 70 waliondoka katika mhadhara wa profesa Gregory Mankiw, katika kozi ya utangulizi wa uchumi ya Harvard iliyoitwa Economics 10, wakitoa barua ya wazi iliyodai kwamba kozi inaegemea upande mmoja. Mankiw aliwajibu hadharani, gazetini. Mtu anaweza kukubaliana na wanafunzi hao au na profesa wao, lakini pande zote mbili zilikuwa na hoja ya kujadili. Hakuna anayeweza kujadiliana na 3.7.

Mwaka 2018 mwamuzi William Kaplan aliamua, katika mgogoro wa wahadhiri na chuo kikuu kilichoitwa wakati huo Ryerson, mjini Toronto, kwamba tathmini za wanafunzi zisitumike kupima ubora wa ufundishaji katika kupandisha vyeo na kuthibitisha kazini. Njia nyingine za kupima ufundishaji zipo na si za gharama kubwa. Wahadhiri wengine wanaweza kukaa darasani kwa mwenzao zaidi ya mara moja, wakasoma mitihani aliyotunga na namna alivyoisahihisha. Kipimo cha Bocconi nacho kinawezekana popote penye mikondo miwili ya kozi moja: wanafunzi wagawanywe kwa kura, mtihani uwe wa pamoja, na alama zao za mwaka wa pili na wa tatu, ambazo tayari zimo kwenye kompyuta za ofisi ya msajili, zilinganishwe kulingana na nani aliwaanzishia. Idara ya uchumi ndiyo yenye watu waliosomea hesabu ya namna hiyo, na inaweza kuanza na kozi moja tu ya mwaka wa kwanza.