Wimbo Una Mwenyewe

Juzi kwenye kikao chetu cha kusomeana mashairi, jamaa mmoja alitupigia Go Now ya Moody Blues, kisha akatangaza eti hao ndio wenye wimbo. Nikanyoosha mkono kubisha. Wakanicheka. Haya, leo naandika, maana kwenye karatasi hakuna wa kunikatiza.

Jamani, wa kwanza kuutoa wimbo huo ni Bessie Banks, mwanamke Mweusi wa Marekani. Santuri yake ilitoka Januari 1964. Watunzi ni Larry Banks, aliyepata kuwa mumewe, na Milton Bennett. Moody Blues, vijana wa Birmingham, Uingereza, waliutoa Novemba mwaka huohuo, Denny Laine akiimba. Januari 1965 ukashika namba 1 kwao. Marekani ukafika namba 10. Ndiyo hiyo inayoitwa soul ya macho ya bluu: Wazungu wakiimba kwa mtindo wa Weusi.

Wako wanaomtetea Bessie kwa kudai Moody Blues waliiua santuri yake ilipoanza tu kupanda. Tarehe zinakataa! Kati ya santuri hizo mbili kuna miezi 10. Ukweli ni kwamba alitoka wakati mgumu: Februari 1964 Beatles walitua New York, na tarehe 4 Aprili nafasi zote 5 za juu za chati ya Billboard zilikuwa zao.

Wala Laine simlaumu. Aliimba vizuri, bwana, tusidanganyane. Ninachogombana nacho ni hiki: wimbo ukirudiwa na mwingine, mrabaha wa utunzi unakwenda kwa mtunzi. Mwimbaji wa kwanza, yule aliyetangulia kuutia uchungu, hapati hata senti ya santuri ya mwenzake. Anachobakiwa nacho ni jina. Sasa wewe ukimnyima na jina, umemwachia nini?

Tena sisi ndio tunaojiita waandishi! Kila siku tunalalamika kwamba kazi zetu zinachukuliwa bila kutajwa, halafu jioni tunamfanyia mwenzetu yaleyale, tukitingisha vichwa kwa raha.

Kuiga si dhambi. Sote tumeanza kwa kuiga. Dhambi ni kufuta nyayo. Kikao kijacho pigeni hao Moody Blues hata mara tatu, sitanuna. Ila kwanza pigeni ya Bessie Banks, na jina lake mlitaje kwa sauti.