DAWA KWANZA, ZEGE BAADAYE

Jengo la umma ni jasho la watu wengi. Mmoja hutoa shilingi, mwingine husomba mchanga, mwingine hupasua mawe, na yule asiye na kitu hutoa nguvu za mikono yake. Jengo la namna hiyo likiliwa na mchwa baada ya miaka michache, hazikuliwa mbao peke yake. Limeliwa jasho la wananchi. Kwa hiyo twaona yafaa leo kusema wazi juu ya jambo ambalo katika kamati nyingi za ujenzi hutajwa mwisho au halitajwi kabisa, nalo ni kuukinga msingi na mchwa.

Nchi yetu inajenga. Mwaka 2021 peke yake Serikali ilianzisha ujenzi wa vyumba vya madarasa 15,000 kwa fedha za mpango wa kupambana na UVIKO-19, na kazi kubwa ilisimamiwa na kamati za mahali penyewe zikitumia mafundi wa mahali pale pale. Njia hii ni njema, kwa kuwa hupunguza gharama na kumpa mwananchi mamlaka juu ya mali yake. Lakini pia imemtwika dhamana iliyokuwa ya mhandisi. Mwenyekiti wa kamati aweza kuhesabu mifuko ya saruji na mabati. Dawa iliyomiminwa ardhini haiwezi kuhesabiwa ikishafunikwa, na kisichohesabika ndicho chepesi kurukwa.

Wako wasemao kwamba nyumba ya tofali na zege haina haja ya dawa, maadam mchwa hali saruji. Ni kweli hali saruji, lakini hupita. Ufa usiofika unene wa milimita 1 wamtosha. Hutoka ardhini, akajenga kijia chake cha udongo ukutani ili asipigwe na jua wala hewa kavu, akafuata fremu za milango, kisha kenchi na dari. Aghalabu mwenye nyumba humwona siku mbao inapobonyea kwa kidole. Wahenga walituusia kuziba ufa tusije tukajenga ukuta; kwa mchwa, hata kuziba ufa ni kuchelewa. Hapana budi kumzuia kabla ukuta haujasimama.

Kazi yenyewe si ya miujiza. Kwanza kiwanja kisafishwe: visiki na mizizi ing'olewe, na kichuguu kichimbwe mpaka malkia apatikane. Vigingi na vipande vya mbao visifukiwe katika kifusi, wala mifuko ya karatasi ya saruji, kwani hicho ni chakula tunachomwandalia adui chini ya sakafu yetu. Pili, dawa imiminwe chini na kandoni mwa mitaro ya msingi. Tatu, kifusi na mawe vikishashindiliwa, dawa inyunyizwe eneo zima kabla ya kutandika nailoni na kumwaga jamvi. Isinyunyizwe mvua ikinyesha, wala udongo usichimbuliwe tena. Fundi bomba akichimba, mahali pale parudiwe. Mwisho, kuta zikishasimama, udongo unaozunguka jengo kwa nje nao upewe dawa.

Kipimo cha kawaida cha dawa iliyokwisha changanywa na maji ni karibu lita 5 kwa kila mita 1 ya mraba ya sakafu. Chumba chenye urefu wa mita 9 na upana wa mita 7 kina mita 63 za mraba, basi chahitaji lita 315, yaani zaidi ya pipa moja na nusu la lita 200. Fundi anayepita na bomba moja la mgongoni la lita 16 kisha akasema amemaliza, huyo amelowesha vumbi tu. Hesabu hii kila mjumbe wa kamati aweza kuifanya mwenyewe.

Mbao nazo zina sheria yake. Kiini cha mvule na mninga humshinda mchwa kwa muda mrefu, bali mbao za msindano zisizotiwa dawa ni karamu yake. Oili chafu ya magari hubaki juu ya mbao tu. Haiwezi kushika nafasi ya dawa iliyoshindiliwa ndani kwa mitambo.

Wala tusiwasahau wafanyakazi wanaoinyunyiza. Aldrini, dieldrini, klodeni na heptaklori zilisifiwa sana katika miaka ya 1950 na 1960, lakini zikaonekana kudumu ardhini na kuingia katika miili ya watu na wanyama, hata zikawekwa katika Mkataba wa Stockholm wa 2001 ulioanza kutumika 2004. Dawa ya leo iwe ile iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na ichanganywe kama kibandiko kinavyoagiza. Fundi apewe glavu, buti na kinga ya pua na mdomo. Kisima cha jirani kilindwe. Na chombo kilichokuwa na dawa kisigeuzwe ndoo ya maji. Haifai kuokoa dari kwa kumpoteza mtu.

Twajua lawama itakayokuja: fedha hazitoshi. Lakini dawa ya msingi ni sehemu ndogo sana ya gharama ya jengo, ilhali kuezua paa, kubadili kenchi na kutoboa sakafu ili dawa ipenyezwe chini yake ni gharama ya pili juu ya ile ya kwanza. Tena yuko mchwa mwingine, mwenye miguu miwili, ambaye fungu la dawa likiandikwa hulila yeye, akijua kwamba zege litafunika ushahidi. Huyo hana dawa ya dukani. Dawa yake ni macho ya wananchi.

Kwa hiyo twazishauri kamati zote za ujenzi ziweke kanuni moja. Jamvi lisimwagwe mpaka wajumbe wasiopungua wawili wamesimama pale, wameiona dawa ikifunguliwa, wamehesabu lita zake, na wametia saini katika daftari la ujenzi. Fundi mwaminifu hatachukia kutazamwa, na asiyetaka kutazamwa asikabidhiwe msingi wa shule ya watoto wetu.