Sarafu za babu kwenye kopo: Zipigwe picha kabla hazijasuguliwa

Nyumba nyingi zina kopo ambalo halifunguliwi. Zamani lilikuwa la maziwa ya unga au biskuti, sasa liko juu ya kabati au chini ya kitanda cha bibi, na ndani yake mna sarafu ambazo hakuna duka linalozipokea tena.

Likifunguliwa huwa kuna sababu: msiba, kuhama nyumba, au mtoto aliyeambiwa shuleni alete kitu cha zamani. Humo hutoka senti 10 za Afrika Mashariki zenye tundu katikati, sumni ya mwaka 1966 yenye sungura upande mmoja na sura ya Mwalimu Julius Nyerere upande wa pili, na pengine heller ya Wajerumani yenye herufi DOA, yaani Deutsch-Ostafrika.

Mara nyingi yanayofuata ni mawili. Mtu mmoja huchukua ndimu na majivu akazisugua zing'ae. Mwingine huzipiga picha usiku chini ya taa ya sebuleni, picha ikatoka na duara jeupe lisilosomeka, ikatumwa kwenye grupu la ukoo na kuishia hapo. Siku anapokuja mnunuzi na bei yake, familia haijui inauza nini, na baadaye haina hata picha ya kilichoondoka.

Kusugua hakuna marekebisho. Ndimu, dawa ya meno au waya wa kusugulia sufuria huondoa tabaka la juu la sarafu pamoja na mistari midogo ya mchongo wake, na wakusanyaji hulipa kidogo kwa sarafu iliyosuguliwa. Picha nzuri huonyesha kila kitu bila kuondoa chochote, na kwa familia nyingi simu iliyopo mfukoni inatosha kuipata.

Simu inatosha, ikirudi nyuma

Kosa la kwanza la mpiga picha wa simu ni kusogea karibu mno. Kamera kuu ya simu nyingi haiwezi kulenga vizuri kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 8 au 10, na kwa baadhi ya simu umbali huo ni mkubwa zaidi. Ikisogezwa zaidi ya hapo picha huwa na ukungu, na kivuli cha simu yenyewe huifunika sarafu.

Dawa yake ni kurudi nyuma mpaka herufi zionekane kali, kuvuta picha mara 2, kisha kukata kingo zisizohitajika baada ya kupiga.

Simu nyingi za bei ya kati huuzwa zikiwa na kamera ya ziada inayoitwa makro. Nyingi ya kamera hizo zina megapikseli 2 tu, na kamera kuu iliyorudishwa nyuma kidogo mara nyingi huishinda. Njia ya kujua ni rahisi: sarafu moja ipigwe kwa kamera zote mbili, picha zikuzwe mpaka mwaka usomeke, ishikwe ile iliyo safi zaidi.

Baadhi ya simu za bei mbaya, kama iPhone 13 Pro ya mwaka 2021, hutumia lenzi pana inayoweza kulenga kitu kilicho umbali wa sentimita 2. Hizo hupiga vizuri, ila kwa umbali huo mwanga hukosa njia ya kupita. Hata kwa simu hizo, kurudi nyuma kidogo husaidia.

Anayehitaji kamera kamili

Mzazi mwenye sarafu mamia, au mwenye kijana anayeanza kuzikusanya kwa dhati, anaweza kufikiria kamera yenye lenzi ya kubadilishwa. Ya mtumba haina ubaya, kwa sababu sarafu haikimbii wala haihitaji kamera ya kasi.

Fedha nyingi ziende kwenye lenzi badala ya mwili wa kamera. Lenzi ya makro inayofaa ni ile iliyoandikwa 1:1, maana yake kitu huchorwa ndani ya kamera kwa ukubwa wake halisi. Sensa kubwa ina milimita 36 kwa 24, hivyo sarafu yenye upana wa milimita 24 itaijaza kutoka juu hadi chini. Kamera za bei nafuu zina sensa ndogo zaidi, na kwa kazi hii hilo si hasara, kwa sababu sarafu hiyohiyo huijaza haraka zaidi.

Lenzi ya milimita 90 hadi 105 ni bora kuliko ya milimita 50, kwani humruhusu mpiga picha kukaa mbali na kuacha nafasi ya taa. Asiyemudu lenzi ya makro anaweza kununua pete za kurefusha, ambazo huwekwa kati ya kamera na lenzi ya kawaida. Hazina kioo ndani, hivyo bei yake ni ndogo.

Vitabu viwili na kioo

Ukaribu huo hukuza sarafu, na hukuza pia mtikisiko wa mkono. Simu ilazwe juu ya marundo mawili ya vitabu yenye kimo sawa, kamera ikitazama chini katikati, sarafu ikiwa mezani. Kipima muda kiwekwe sekunde 2 au 3 ili kidole kiwe kimeondoka picha inapopigwa.

Simu ikiinama kidogo tu, upande mmoja wa sarafu hupotea. Wapiga picha wana mbinu ya zamani kwa hilo: kioo kidogo cha kujitazamia huwekwa mahali pa sarafu. Lenzi ikijiona katikati kabisa ya picha, simu imelala sawa. Kioo kinaondolewa, sarafu inawekwa.

Chini patandikwe kitambaa cha kijivu kisichong'aa. Karatasi nyeupe huidanganya kamera ikaitia sarafu giza, na kitambaa cheusi huifanya sarafu ya rangi ya fedha iwe nyeupe kupita kiasi. Kwa zile zenye tundu, kitambaa ndicho kitakachoonekana katikati, kwa hiyo kiwe safi.

Mwanga ndio kazi yenyewe

Flashi izimwe. Mwanga wake hupiga sarafu usoni na kurudi moja kwa moja kwenye lenzi, na hilo ndilo lile duara jeupe la kwenye grupu la ukoo.

Mwanga wa bure na mzuri ni wa dirishani au barazani asubuhi, mahali ambapo jua halipigi moja kwa moja. Hata umeme ukikatika kazi inaendelea. Karatasi nyeupe ikisimamishwa upande usio na dirisha, inarudisha mwanga na kupunguza kivuli.

Kwa taa, wapiga picha wengi wa sarafu huifikiria sarafu kama uso wa saa. Taa moja huwekwa upande wa namba 10 na nyingine upande wa namba 2, zote zikiwa juu kidogo. Zikikosekana mbili, moja inatosha pamoja na karatasi nyeupe upande wa pili. Taa zote ziwe za rangi moja. Taa ya njano ikichanganywa na mwanga wa dirisha, shaba na fedha hazitatofautishwa tena. Mistari ya giza ikitokea kwenye picha, hiyo ni taa inayopepesa, na dawa yake ni kuhamia dirishani.

Sarafu iliyolika inataka taa moja tu, iliyoshushwa karibu usawa wa meza. Mwanga wa pembeni huacha kivuli kidogo nyuma ya kila mwinuko, na mwaka uliodhaniwa umefutika unaweza kusomeka.

Mfano mzuri ni heller 20 za Tabora. Zilitengenezwa mwaka 1916 katika karakana ya reli mjini humo, wakati koloni la Wajerumani lilipokuwa limezingirwa na vita, na zina herufi T chini ya mwaka. Hazifanani zote: kwa nyingine taji ni kubwa na kwa nyingine ni dogo, na hata ncha za herufi L katika neno HELLER hutofautiana. Jicho la haraka halioni hayo, na kidole chenye majivu hukifuta kile ambacho picha ya karibu ingekionyesha.

Hatua za mwisho kabla ya kubonyeza

Kwenye simu, kidole kibonyezwe juu ya sarafu kwa muda mpaka ulengaji ufungwe, kisha mwanga ushushwe kidogo kwenye kioo mpaka sehemu zinazong'aa zionyeshe mchongo. Picha yenye giza kidogo inaweza kurekebishwa, ila sehemu iliyoungua kwa mwanga haina tena habari ndani yake.

Mwenye kamera aanze na f/8 au f/11 na ISO ya chini kama 100. Akifunga lenzi zaidi, kufika f/16 na kuendelea, picha nzima huanza kulainika.

Pande zote mbili zipigwe, na picha moja zaidi iwe na rula pembeni ili ukubwa ujulikane. Sarafu ishikwe kwenye ukingo kwa vidole viwili, juu ya kitambaa laini. Rangi isiongezwe wala doa lisifutwe kwa programu, kwa sababu atakayetazama anataka kuiona sarafu ilivyo.

Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora. Ikitumwa kama faili hubaki kamili, ila hubeba pia taarifa za mahali ilipopigwa kama simu imeruhusiwa kuzihifadhi. Kabla ya kumtumia mtu asiyefahamika picha za vitu vya thamani vilivyomo nyumbani, ruhusa hiyo ya kamera izimwe kwanza, ndipo picha zipigwe.

Watoto wadogo na vitu vya duara

Kazi hii inawafaa watoto wa shule. Wanajifunza kusoma miaka, kupima kwa rula na kutulia. Mtoto wa chini ya miaka 5 ni habari nyingine, kwani kinachong'aa na kuenea mdomoni hupelekwa mdomoni. Sarafu zihesabiwe kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, na kila aliyezishika anawe mikono kwa sabuni.

Hatari kubwa zaidi inaweza kuwa pembeni mwa sarafu. Rimoti ndogo za kamera, mizani ndogo na baadhi ya taa ndogo hutumia betri za duara zinazofanana na sarafu. Ile iitwayo CR2032 ina upana wa milimita 20. Ikimezwa na kukwama kwenye umio inaweza kuanza kuunguza nyama ndani ya saa 2, hata kama mtoto anaonekana mzima.

Mtoto anayedhaniwa kumeza betri, au kitu cha duara ambacho hakijajulikana ni nini, apelekwe hospitali hapohapo bila kusubiri dalili. Asitapishwe. Kudondosha mate, kukataa chakula, kukohoa ghafla au kulalamika kifua ni dalili za kukwama, lakini zisipokuwepo si uthibitisho wa usalama. Mzazi abebe pakiti ya betri au kifaa ilimotoka. Ikiwa ni sarafu, ile picha yenye rula itamsaidia daktari kujua ukubwa wa anachokitafuta, na eksirei itaonyesha kilipo.

Ikiokotwa kwenye magofu

Familia za pwani wakati mwingine hukuta sarafu ndogo za shaba zenye maandishi ya Kiarabu, za masultani wa Kilwa. Hizo si za kopo la nyumbani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vya kale vya aina hiyo, na kuviuza au kuvitoa nchini bila kibali ni kosa. Mtoto aliyeiona ardhini aipige picha palepale ilipo, akiweka sarafu ya leo pembeni ionyeshe ukubwa, kisha mhifadhi wa eneo aitwe.

Kwa zile za nyumbani, kila picha iandikiwe maneno machache: ilikuwa ya nani, aliipata wapi, alikuwa akifanya kazi gani. Kamera haiwezi kuyapiga hayo. Anayejua kwa nini babu alitunza shilingi moja na kuzitumia nyingine zote huenda ni bibi peke yake. Basi aletewe kiti barazani asubuhi hiyo, na aulizwe wakati kopo liko wazi mbele yake.